Mume kamwambia mkewe kuwa moyo wake uko kwa wanaume. Somo amshike vipi mwari wake? (Tanga)

Somo_Ngamiani

Assalaam aleykum, na habari za jioni kwa nyote.

Mimi ni somo, nauliza kwa niaba ya wari wangu wawili, wanawake niliowafunda mambo ya ndoa. Nimegeuza mambo kadhaa wasitambulike. Somo hufunda usafi, lugha ya chumbani, shanga na kutunza siri, lakini hili halimo katika mafunzo yetu na sitaki kubuni.

Wa kwanza ana ndoa ya miaka sita, ya Kiislamu. Watoto wawili, mkubwa miaka minne, mdogo miezi minane, ananyonya. Mume hakufumaniwa. Amekaa naye kitako akamwambia kwa kinywa chake kwamba tangu ujanani anavutwa na wanaume, na kwamba amewahi kutoka nje ya ndoa. Matumizi anatoa, hampigi. Nyumba ipo Mabawa, wamejenga wote, mke kwa pesa ya vitumbua na mchezo wa kupeana fedha, lakini hati ina jina la mume peke yake. Wote wawili wameshaelewana waachane. Bibi wa upande wa mume akipata fununu atataka apungwe pepo.

Wa pili mumewe hana habari za wanaume kabisa. Anasema ndani yake anajiona mwanamke, tangu mtoto. Mke amejua baada ya kuona paketi yake ya majira, vidonge vya kuzuia mimba, inaisha kabla ya mwezi.

Naomba kujua: apimwe nini na lini? Anaweza kuachika bila kutaja sababu? Nyumba na watoto je? Na huyu wa vidonge nimwambie nini? Mwenye matusi apite tu, hapa pana watoto wadogo nyuma ya habari.

---

MuuguziNasaha

Shikamoo somo. Naanza na afya kwa sababu yenyewe inakwenda kwa saa.

Muulize mwari lini mara ya mwisho walikutana kimwili bila kondomu. Kama hazijapita saa 72, na hali ya mume haijulikani, aende leo, hata usiku, kwenye kituo chenye CTC (kliniki ya huduma za VVU) au idara ya dharura. Hospitali ya Bombo ni mojawapo. Aombe dawa za kinga baada ya hatari. Hupimwa kwanza, kisha humeza kila siku kwa siku 28 bila kuruka. Kila saa inayopita dawa inapungua nguvu ya kukinga, na baada ya saa 72 hawampi tena kwa sababu virusi kama viliingia vimeshajikita. Mume naye apimwe siku hiyohiyo akikubali. Akionekana hana maambukizi mtoa huduma atawaelekeza kama kuna haja ya kuendelea.

Kama saa hizo zimepita, apime sasa na arudie miezi mitatu baada ya mara ya mwisho walipokutana. Kipimo cha leo kinasema habari za kabla ya miezi mitatu iliyopita, hakisemi habari za wiki iliyopita. Wengi huharibu hapa: wanapima mara moja, wanaona salama, wanarudi kulala pamoja bila kinga.

Huyu ananyonyesha, kwa hiyo nasisitiza. Mama akiambukizwa wakati ananyonyesha, wiki za mwanzo virusi vinakuwa vingi sana mwilini na mtoto yumo hatarini zaidi kuliko wa mama anayetumia dawa siku zote. Asimwachishe mtoto ghafla kwa hofu, anyonyeshe akiwa na kipimo mkononi. Kwenye kliniki ya mtoto aseme maneno haya tu: "Mimi na mume wangu tumeamua kupima upya." Halazimiki kuongeza neno. Sheria ya UKIMWI ya 2008 inamlinda, majibu yake ni siri, na muuguzi akichimba yasiyomhusu, mwari anaweza kuomba ahudumiwe na mwingine.

Asiishie kwenye VVU. Aombe kaswende na homa ya ini B. Kaswende ikionekana hutibika kwa sindano ya penisilini. Homa ya ini, kama hana, kuna chanjo ya dozi tatu: leo, baada ya mwezi mmoja, na mwezi wa sita kuanzia ile ya kwanza. Kisonono na klamidia kwa wanawake mara nyingi havitoi dalili yoyote, si maumivu wala uchafu, kwa hiyo asingoje kuwashwa. Aseme kwamba anahofia kuambukizwa na mwenzi wake. Wakipewa dawa, wameze wote wawili na wakae siku saba bila kukutana, la sivyo wanarudishiana.

Kondomu: somo, hili ni lako la kufundisha. Huku kwetu mafuta ya nazi yamo kila chumba. Mafuta ya nazi, ya mgando na losheni yanalegeza mpira wa kondomu ndani ya dakika chache, unapasuka bila kuonekana. Anayetaka ulaini atumie kilainishi cha maji, kinauzwa famasi.

Tena naomba hili lieleweke. Mwanamume kuvutwa na wanaume si ugonjwa wala si VVU. Virusi havijui nani anampenda nani. Hatari ya huyu mke ni ileile ya mke wa bwana mwenye nyumba ndogo: kutoka nje bila kinga.

Kuhusu kupungwa. Shirika la Afya Duniani liliondoa jambo hili kwenye orodha ya magonjwa mwaka 1990. Hakuna dawa, dua ya kulipia wala mafusho yaliyowahi kuligeuza. Mnalolipata kwenye kupunga ni watu wengi kujua: mganga, wapiga ngoma, ndugu waliochanga, jirani aliyesikia. Mume atakubali kila anachoambiwa ili aachiwe, atasema amepona, na mke atarudi kitandani bila kinga kwa sababu ameambiwa limekwisha. Hapo ndipo maambukizi yanapopatikana.

La mwisho kwa upande wangu ni usalama wa mume mwenyewe. Mtu aliyetoa siri ya miaka yote anaweza kuvunjika wiki zilezile. Mke amuulize wazi: "Unawaza kujidhuru?" Kuuliza hakumpi mtu wazo jipya. Akijibu ndiyo, asiachwe peke yake, sumu ya panya na dawa ziondolewe ndani, na apelekwe kitengo cha afya ya akili. Na mke vilevile: usingizi ukikataa na chakula kikikataa wiki mbili mfululizo, hiyo imeshapita huzuni, inataka mtaalamu.

---

MsaidiziSheria_Chumbageni

Somo, nimeona mmeanza na afya, vizuri. Mimi nataka kulinda midomo.

Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 154, inaadhibu tendo la kuingiliana kinyume cha maumbile. Kifungo ni cha maisha, na hakipungui miaka 30. Soma vizuri: kinachoadhibiwa ni tendo. Mtu kusema "navutwa na wanaume" si tendo. Lakini mke akipeleka kwa mjumbe, kwa mwenyekiti wa mtaa au polisi kwamba "amekiri kwangu anafanya", ameshageuza maneno ya chumbani kuwa tuhuma ya jinai. Na kifungu kilekile hakichagui. Kinamgusa mwanamume na mwanamke, mtendaji na aliyeruhusu, hata wakiwa ni mke na mume. Mwanamke anaweza kwenda kushtaki kwa hasira, akaulizwa maswali ya chumbani kwake, akajikuta anajieleza mwenyewe.

Baba akifungwa miaka 30, nani atalipa ada ya yule wa miaka minne? Nasema hivi kwa sababu nimesikia wanaowashauri wanawake "mkomoe". Anayekomolewa ni mtoto.

Sasa habari njema: anaweza kupata talaka, nyumba na watoto bila kulitaja kabisa. Njia yake ni hii, na mpangilio ndio kila kitu.

Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka mambo yaanzie Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Waislamu wengi huenda la BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu), lakini la kata pia linakubalika. Baraza likishindwa kuwapatanisha linatoa hati. Baada ya hati hiyo, si kabla, talaka itolewe kwa njia ya dini. Kisha ombi lipelekwe mahakamani. Mahakama ya Mwanzo ina mamlaka, si lazima iwe kubwa zaidi. Kwa ndoa ya Kiislamu iliyofuata mpangilio huo, mahakama inatamka ndoa imevunjika na kutoa amri ya talaka bila kuchimba kosa ni la nani. Hapo ndipo siri inapona.

Kinachoharibika: watu huanza na talaka ya mdomo, mke anarudi kwao, mwaka unapita, ndipo wanakumbuka Baraza. Mpangilio umegeuka, na sasa inabidi kuthibitisha kwa ushahidi kwamba ndoa imevunjika. Wengine hawafiki mahakamani kabisa. Talaka ya mdomo au karatasi ya shehe pekee, kwa sheria ya nchi, bado ni mke na mume, na siku ya mirathi au ya kuuza nyumba ndipo fujo inapoanza.

Mbele ya Baraza waseme nini? Waseme kweli, kwa ufupi: "Tumeshindwana. Tumejaribu. Hatuishi tena kama mke na mume, na wote wawili tumeridhia tuachane." Kunyamaza sababu si uongo. Kubuni kipigo ambacho hakikuwapo ni uongo, na utamrudia. Wajumbe wakibana, jibu ni "ni mambo ya chumbani, tunaomba sitara". Wajumbe wa pwani wanaielewa lugha hiyo. Wakumbuke tu kwamba wanachokisema huandikwa, na maandishi huambatanishwa kwenye jalada la mahakama linalopita mikono ya makarani.

Atatokea mtu amwambie kuwa sheria ya ndoa inataja upotovu wa kijinsia kama mojawapo ya dalili za ndoa kuvunjika. Ni kweli imo. Asiitumie. Inahitaji uthibitisho, inafungua mlango wa kifungu cha 154, na haimwongezei hata tofali moja kwenye mgawo.

Nyumba. Kifungu cha 114 kinagawa mali iliyochumwa kwa nguvu za pamoja, jina kwenye hati si mwisho wa maneno. Tangu Mahakama ya Rufani ilipoamua shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu mwaka 1983, kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango. Huyu wa vitumbua ana zaidi ya hapo. Akusanye sasa, kwa utulivu: daftari la mchezo, miamala ya simu, risiti za saruji na bati, jina la fundi aliyemlipa, na picha ya hati kila ukurasa. Aziweke kwa mtu mwingine, si ndani ya nyumba hiyohiyo. Na ajue kwamba mume hawezi kuuza, kupangisha wala kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa yake, na akiwa na wasiwasi anaweza kuweka zuio kwenye usajili wa ardhi.

Watoto. Kipimo ni maslahi ya mtoto. Kwa aliye chini ya miaka saba sheria huanza na dhana kwamba ni heri akae na mama, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Matunzo yanabaki kwa baba. Wakielewana kiasi na tarehe, waandike, wote wasaini, wakaiombe mahakama iingize kwenye amri yake. Makubaliano ya mdomo hufa mara mmoja akioa au kuolewa.

Simu sasa. Asipige picha ya skrini ya mazungumzo ya mume na asimtumie dada yake "anitunzie". Picha moja ikitoka hairudi. Na mume, kama kuna mtu anamtishia kumtangaza asipotuma pesa, asilipe. Anayelipwa mara moja hurudi wiki inayofuata na bei imepanda. Akate mawasiliano, ahifadhi namba na jumbe, aonane na wakili kabla ya kuonana na askari.

---

Ustadhi_Pangani

Wa aleykum salaam, Somo. Niongeze ya dini, kwa fikihi ya Kishafii tunayoifuata pwani.

Maulamaa wanatenganisha mwelekeo wa moyo na tendo. Mtu hahukumiwi kwa kilichomo moyoni. Tendo ni haramu, hilo halina mjadala kwetu, lakini kumtuhumu mtu bila mashahidi wanne ni kadhfu (kusingizia uzinifu), na hiyo nayo ni dhambi kubwa yenye adhabu yake. Kwa hiyo jirani anayetangaza kwa kukisia yumo hatarini kabla ya anayetangazwa. Mke amsitiri mumewe, na mume amsitiri mkewe: asiseme "aliniacha kwa kiburi".

Hapa naomba wenye kushauri wasiharakie khului. Kwenye khului mke anarudisha kitu, mara nyingi mahari, ili ajikomboe. Huyu hana kosa, na mume ameridhia kuachana. Haki ni mume atoe talaka yeye mwenyewe: moja, si tatu, mke akiwa katika tohara (siku asizo na hedhi) ambayo hawajakutana. Mahari iliyobaki ni deni lake, ailipe. Khului iwekwe akiba, kwa ajili ya mume anayekataa kutamka.

Mumewe akikataa vyote, kuna faskhi, yaani kadhi kuivunja ndoa. Mume asiyetoa matumizi ni sababu. Asiyeweza kukutana na mkewe kabisa, kwa Kishafii hupewa mwaka mmoja kisha kadhi huvunja.

Eda. Mwenye kupata hedhi ni tohara tatu. Huyu ananyonyesha, huenda hedhi haijarudi. Wengi wanamhesabia miezi mitatu kama mzee aliyekoma, na hapo wanakosea. Hedhi iliyosimama kwa sababu inayojulikana, kama kunyonyesha, husubiriwa irudi, kisha zihesabiwe tohara tatu. Inaweza kuchukua mwaka. Muda wote huo wa talaka rejea, makazi na matumizi ni juu ya mume, wayaingize kwenye makubaliano aliyosema Msaidizi.

Nimeona mpangilio wa Baraza kwanza kisha talaka. Kidini hauna tatizo lolote, Qur'ani yenyewe (4:35) imetanguliza wasuluhishi, mmoja wa upande wa mume na mmoja wa upande wa mke.

---

Somo_Ngamiani

Mungu awalipe. Nimeandika kwenye daftari. Bado yule wa vidonge. Na mtoto wa miaka minne anauliza kwa nini baba analala sebuleni.

---

MuuguziNasaha

Somo, huyu wa pili mtenganishe kabisa na wa kwanza. Anayevutwa na wanaume anajua ni mwanamume, swali lake ni nani anampenda. Anayejiona mwanamke, wengine husema transjenda, swali lake ni yeye ni nani. Anaweza kumpenda mkewe vilevile kama jana. Kwa hiyo mke asiambiwe "basi hakutaki", huenda si kweli. Wala si hunthi, yule aliyezaliwa na maumbile ya pande mbili, hiyo ni habari ya mwili na ina madaktari wake.

Vidonge viachwe leo. Paketi nyingi za majira zina vidonge 21 vya homoni na 7 vya madini ya chuma. Estrojeni iliyomo ni ya aina ambayo hata wataalamu wanaowahudumia watu hawa waliacha kuitumia, kwa sababu huleta damu kuganda kwenye mishipa, na anayemeza viwili vitatu kwa siku anajiongezea hatari. Mvutaji sigara ndiyo zaidi. Alama ni hizi: shavu la mguu mmoja linavimba na kuuma, au kifua kinachoma na pumzi inakata. Hiyo ni hospitali saa hiyohiyo, na amwambie daktari alichomeza. Daktari anahitaji jina la dawa, hahitaji sababu ya kuimeza.

Homoni hizo zikiendelea kwa miezi, mbegu za uzazi hupungua na huenda zisirudi. Kama bado wanataka mtoto, wazungumze kabla, siyo baadaye.

Na mke mwenyewe amesahaulika! Paketi yake imeliwa. Kama amekosa vidonge viwili au zaidi vya homoni, hana kinga. Atumie kondomu mpaka ameze siku saba mfululizo, na hedhi ikichelewa apime ujauzito. Paketi aiweke penye kufuli, au aombe njia nyingine, sindano au kijiti.

Chumbani waelewane mambo madogo kwanza. Kiswahili kimewasaidia kwa hili, "yeye" ni yeye, hakiulizi jinsia. Limebaki jina, na nguo. Mke ana haki ya kusema "hili naliweza, hili siliwezi", na kusema kwamba hataki kabisa. Wapeane muda, tuseme miezi mitatu, bila uamuzi mkubwa: hakuna kuhama, hakuna kutangaza, hakuna kushika mimba. Kisha wakae tena. Wako wanaobaki pamoja kama wazazi chini ya paa moja na vitanda viwili, wako wanaoachana. Usimlazimishe yeyote kati yao kwa sababu ya lile ambalo wewe somo ungelipenda.

Sheria ya Ndoa inaitambua ndoa kuwa ni muungano wa mwanamume na mwanamke, na karatasi zake zote zitabaki zilivyo. Asitegemee kubadilishiwa cheti.

---

Ustawi_Raskazone

Kwa mtoto wa miaka minne, somo, sentensi tatu zinatosha: "Baba na mama wanalala vyumba tofauti. Si kosa lako. Wote tunakupenda." Kisha aulizwe kama anataka uji. Mtoto wa umri huo hataki maelezo, anataka kujua nani atampeleka chekechea kesho. Ratiba isibadilike: anayemwogesha aendelee kumwogesha.

Asipewe siri abebe. Ukimwambia mtoto "usimwambie mtu", umempa mzigo, na atausema msikitini, kwenye foleni ya maji, popote. Kwa nchi yenye sheria kama yetu, sababu yenyewe isubiri mpaka awe mtu mzima, na aseme baba mwenyewe. Asitumwe ujumbe kati ya wazazi, asiulizwe "umeona nani kwa baba". Ukimwona ameanza kukojoa kitandani tena au kung'ang'ania nguo ya mama, ni kawaida kwa wiki kadhaa. Ikizidi mwezi, mlete kwa ofisa ustawi wa jamii. Kwa wasiwasi wa haraka juu ya mtoto yeyote ipo namba 116, haina malipo.

Mama mkwe na mama mzazi wapewe maneno yaleyale, neno kwa neno: "Tumeshindwana, tumeachana kwa wema, watoto watakuja kwenu kama kawaida." Wakipewa matoleo mawili watayalinganisha Ijumaa ya kwanza tu. Mke apate mtu mmoja wa kumwaga yote. Mmoja. Naona huyo ni wewe.

Kama siku moja akibadilika mume akainua mkono, sheria ya ndoa haimpi mume wala mke haki ya kumpiga mwenzie. Dawati la Jinsia na Watoto la polisi lipo, apate PF3 (fomu ya polisi ya aliyejeruhiwa), na aeleze kipigo. Kipigo tu.

---

Somo_Ngamiani

La mwisho. Watazungumzia wapi? Nyumba nyingi za huku kuta haziishii juu. Mtu akikohoa chumba cha uani, wa barazani anamwambia "pole".

---

Ustawi_Raskazone

Ndiyo maana siri nyingi hutoka bila mtu kuitoa. Yale mazito wasiyazungumze ndani. Watoke, alasiri, wapande baiskeli mpaka ufukweni huku kwetu, watembee wakiwa wanaangalia mbele. Kutazamana usoni kunaongeza ukali, kutembea sambamba kunapunguza. Simu wazime. Wapange jambo moja kwa siku moja: leo vipimo, Jumapili nyumba, wiki ijayo watoto. Saa moja inatosha, ikizidi wanaanza kurudia na kuumizana.

---

MsaidiziSheria_Chumbageni

Nilisahau kitu. Hati ya Baraza ina uhai wa miezi sita. Ikipita kabla ya kufungua shauri, wanarudi Barazani upya kueleza tena mbele ya watu wale wale, ambalo ndilo hasa tunalolikimbia. Siku ile watakapoipokea watoe nakala tatu, waandike tarehe, na wapange kufungua ndani ya miezi miwili. Na kama kuna mwari mwingine ambaye ndoa haijatimiza miaka miwili, huyo ataomba kibali cha mahakama kwanza, asianze na ombi la talaka. Asiye na pesa ya wakili aulize msaada wa kisheria kwenye halmashauri. Sheria ya 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, na huduma yao ni bure. Akija, aseme tu anataka utaratibu wa talaka ya kuridhiana.

---

Somo_Ngamiani

Kesho saa mbili namsindikiza kliniki. Nitabeba mtoto mimi.